Kuipanga skrini ya OBS Studio kabla ya kwenda hewani

OBS Studio ikifunguliwa kwa mara ya kwanza huonyesha picha moja kubwa juu, na chini yake paneli tano zilizokaa mstari mmoja: Scenes, Sources, Audio Mixer, Scene Transitions na Controls. Wengi hufanya kazi na mpangilio huo miaka nenda miaka rudi bila kuugusa. Programu hii ni ya bure, ipo tangu mwaka 2012, na inatumika kwenye Windows, macOS na Linux, kwa hiyo mpangilio wake wa mwanzo umelazimika kumfaa kila mtu: kijana anayerekodi michezo ya kompyuta, mwalimu anayerekodi somo, ofisi inayorusha kongamano. Wewe unayerusha ibada ya Jumapili, au harusi, au mazishi ambayo ndugu walioko Muscat na Minneapolis wanayafuata kwenye simu, una mahitaji yako. Mazishi hayarudiwi. Jeneza likishushwa kaburini wakati unatafuta kitufe, yule ndugu aliyeamka usiku wa manane ili aone tendo hilo amelikosa moja kwa moja.

Ndiyo maana ninasisitiza jambo moja ambalo mwongozo huu wote unalizunguka. Skrini ya kuandalia matangazo na skrini ya kurushia matangazo ni mbili tofauti. Unapoandaa unahitaji kila kitu kiwe karibu: orodha ya vyanzo, mipangilio, aina za mipito, vichujio. Ukishakwenda hewani, vingi kati ya hivyo vinageuka mtego, kwa sababu mkono wenye haraka hubofya kilicho karibu nao.

Kwa hiyo usianze na kipanya, anza na karatasi. Fikiria tukio lako tangu mwanzo hadi mwisho na uandike ni vitu gani jicho lazima livione muda wote, ni vipi mkono utavigusa, na ni vipi havitakiwi kuguswa kabisa. Kwa ibada ya kawaida yenye kamera mbili, jicho linahitaji kuona picha iliyoko hewani, picha inayofuata, kiwango cha sauti na hali ya intaneti. Mkono unahitaji kubadili kamera, kupandisha na kushusha maikrofoni, na kuleta jina la mhubiri chini ya picha. Vyanzo vya kamera, mipangilio ya sauti na dirisha la Settings havina kazi tena mpaka ibada iishe. Tukio lako likiwa tofauti, karatasi yako itakuwa tofauti. Kongamano lenye slaidi, kwa mfano, linadai uione slaidi inayofuata kabla mzungumzaji hajaifikia.

Jinsi paneli zinavyohama

Kila paneli ina kichwa chenye jina lake. Kishike kichwa hicho kwa kipanya na ukiburute. Ukikisogeza karibu na ukingo wa dirisha au wa paneli nyingine, sehemu itakapotua paneli hiyo hubadilika rangi; ukiachia hapo, inakaa. Ukiiachia katikati ya paneli nyingine, hizo mbili zinalala mahali pamoja na kugeuka vichupo, moja mbele na nyingine nyuma. Ukiiachia mbali na dirisha, inabaki ikielea peke yake na unaweza kuihamishia kwenye monita nyingine. Mipaka kati ya paneli nayo huburutwa ili kuongeza au kupunguza upana.

Kama paneli hazisogei, fungua menyu ya Docks iliyoko juu na uondoe alama kwenye Lock Docks. Kwenye matoleo ya zamani amri hiyo iko ndani ya menyu ya View, na inaitwa Lock UI. Menyu hiyohiyo ya Docks ndiyo inayoficha na kurudisha paneli: kila jina lenye alama ya tiki lipo kwenye skrini. Humo pia mna Full-Height Docks, ambayo huziacha paneli za pembeni zirefuke kutoka juu hadi chini badala ya kukatwa na zile za chini. Ukiwa na monita pana, iwashe. Orodha ndefu ya maonyesho (Scenes) hukaa vizuri zaidi kwenye safu ya wima.

Ukiharibu mpangilio kiasi cha kutojua pa kuanzia, Reset Docks inarudisha paneli zote katika hali ya mwanzo. Haifuti maonyesho yako wala vyanzo vyako. Inagusa mpangilio wa skrini tu, na paneli za ziada ulizokuwa umeziongeza zitafichwa mpaka uziite tena. Jaribu kuburuta bila woga ukijua amri hiyo ipo.

Picha mbili juu

Washa Studio Mode. Kitufe chake kipo kwenye paneli ya Controls. Picha moja kubwa itagawanyika mara mbili: kushoto ni Preview, yaani kile unachokiandaa, na kulia ni Program, yaani kile ambacho watu wanakiona. Bila hali hii, kubofya onyesho lolote kunalipeleka hewani papo hapo, na kulisahihisha baadaye ni kulisahihisha mbele ya watazamaji. Kwa tukio lolote lisilorudiwa, sioni sababu ya kufanya kazi bila Studio Mode, isipokuwa kompyuta imezidiwa kabisa. Kama monita yako umeisimamisha wima, ndani ya Settings, sehemu ya General, kuna chaguo la kuziweka picha hizo moja juu ya nyingine.

Kisha nenda kwenye paneli ya Scenes, bofya kulia na uchague Grid Mode. Orodha ya mistari myembamba itageuka kuwa vitufe vya mstatili. Ibada yenye maonyesho sita au manane inakaa vizuri sana katika umbo hilo, na kidole hakikosei mstari. Yape maonyesho majina mafupi yanayoanza na neno linalotofautisha: "Mimbari", "Kwaya", "Upana", "Matangazo". Jina kama "Kamera ya 2 ya upande wa kwaya" litakatwa katikati na kubaki "Kamera ya", sawa na la kamera zote nyingine.

Paneli hiyo iweke katikati, chini ya zile picha mbili. Macho yanayotoka kwenye picha kwenda kwenye vitufe yatasafiri njia fupi kuliko zote.

Sauti

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu zaidi. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu. Sauti inayopasuka au isiyosikika humfanya afunge simu. Hata hivyo, katika mpangilio wa mwanzo miksa imebanwa katikati ya paneli nyingine, na chanzo cha tatu cha sauti hakionekani mpaka usogeze orodha. Chanzo usichokiona huwezi kukilinda.

Kabla ya kuipa miksa nafasi, ipunguzie mizigo. OBS huweka yenyewe sauti ya kompyuta na maikrofoni ya laptopu hata kama huzihitaji. Watu wengi huzificha tu kwa kubofya kulia na kuchagua Hide. Hilo ni hatari, kwa sababu chanzo kilichofichwa kinaendelea kusikika hewani: minong'ono yako na mwenzako, mlio wa ujumbe ulioingia, vyote vinakwenda. Ingia Settings, sehemu ya Audio, na uweke Disabled kwa kila kifaa ambacho hukitumii. Baada ya hapo miksa itabaki na vile vyenye kazi tu, pengine viwili au vitatu.

Sasa igeuze iwe wima. Chaguo hilo limo kwenye miksa yenyewe, na katika matoleo mengi linapatikana kwa kubofya kulia. Vipimo vya sauti vitasimama kama kwenye meza ya mtu wa sauti, na vitakula upana mdogo. Iweke kulia kabisa, chini ya picha ya Program, ili unapotazama kilichoko hewani uone na sauti yake kwa mtazamo uleule.

Rangi za vipimo zina maana yake. Kijani huishia desibeli 20 chini ya sifuri, manjano huanzia hapo hadi 9 chini ya sifuri, na kupita hapo ni nyekundu. Sauti ya mtu anayehubiri au kusoma risala ifanye iishi kwenye manjano. Kwaya ikipaza inaweza kugusa nyekundu kidogo, lakini kipimo kikigonga mwisho, sauti imeshakatika na hakuna kitakachoirudisha. Urefu wa vipimo vya wima hukuwezesha kuona mabadiliko hayo kwa pembe ya jicho, na hiyo ndiyo faida ya kuvipa nafasi. Chanzo ambacho hutaki kiguswe tena, kama mstari unaotoka kwenye miksa ya ukumbi, unaweza kukifungia kiwango chake kwa Lock Volume.

Vipimo havikuambii kila kitu. Kipimo kinaweza kuwa kwenye manjano safi na bado kinachopita ni mvumo wa waya mbovu. Vaa hedifoni, na kwenye Advanced Audio Properties weka vyanzo vyako kwenye Monitor and Output ili usikie kinachokwenda.

Paneli inayoonya mapema

Ukifungua menyu ya Docks utakuta Stats. Haionekani mwanzoni, na ni hasara kubwa kuiacha imefichwa. Iweke kwenye kona ya chini kushoto, ndogo kiasi cha kusomeka.

Ndani yake mna mistari mitatu ambayo kila mrushaji anapaswa kuitofautisha. Wa kwanza unahesabu fremu zilizokosekana kwa sababu ya rendering lag: kadi ya picha imeshindwa kuchora kwa wakati. Punguza vyanzo vizito, hasa vya kurasa za intaneti, au shusha idadi ya fremu kwa sekunde. Wa pili ni wa encoding lag: kompyuta imeshindwa kuibana picha kwa kasi inayotakiwa. Hapo dawa ni kuhamisha kazi hiyo kwenye kadi ya picha kama inaiweza, au kupunguza ukubwa wa picha kutoka 1080 hadi 720. Wa tatu, Dropped Frames, ni wa mtandao. Kompyuta yako ni nzima, bando au mnara ndio unaolegea. Kubadilisha kompyuta hakutasaidia. Shusha bitrate, yaani kiasi cha data kinachotumwa kila sekunde, na katika Settings, sehemu ya Advanced, washa chaguo linaloruhusu OBS kuishusha yenyewe pale mtandao unapobanwa.

Mtu asiyeitazama Stats huona picha inakwama na kuanza kuzimazima vitu ovyo. Anayeitazama anajua ugonjwa uko wapi kabla ya kugusa chochote, na mara nyingi huuona kabla watazamaji hawajalalamika, maana namba hizo hubadilika rangi zinapokuwa mbaya. Paneli hiyohiyo inaonyesha pia nafasi iliyobaki kwenye diski. Ukiwa unarusha na kurekodi harusi nzima, utashukuru kuiona.

Cha kuficha

Scene Transitions ifiche. Ukishachagua mpito wako, na ninapendekeza mkato wa moja kwa moja au kufifia kwa muda mfupi, huna kazi nayo tena. Kitufe cha kupitisha onyesho kipo katikati ya zile picha mbili.

Sources ni ngumu zaidi, kwa kuwa watu wameizoea. Hata hivyo ndiyo paneli yenye uwezo mkubwa wa kuharibu: kubofya jicho kunazima kamera, na kitufe cha kufuta kipo palepale. Kila chanzo kina alama ya kufuli kando ya jicho. Ifunge kwa vyote. Kisha kwenye menyu ya Edit uwashe Lock Preview ili kipanya kisije kuivuta picha pembeni. Baada ya hapo iweke Sources nyuma ya Scenes kama kichupo. Itakuwepo ukiihitaji sana, lakini utaifuata kwa kukusudia. Jina la mhubiri ambalo ulizoea kuliwasha kwa lile jicho lipe kitufe cha kibodi badala yake.

Controls nayo ina Exit, imekaa chini ya Settings. Ipeleke nyuma ya Stats kama kichupo. Zaidi ya hapo, ndani ya Settings, sehemu ya General, washa maswali ya uthibitisho wakati wa kuanzisha na kusimamisha matangazo. Swali moja la "una uhakika?" halikuchelewishi chochote.

Kuhusu mazungumzo ya watazamaji, OBS inaruhusu kuyaweka ndani ya skrini yako kupitia Custom Browser Docks: unaandika jina, unabandika anwani ya dirisha la mazungumzo, na paneli mpya inazaliwa. Ni nzuri mkiwa wawili. Ukiwa peke yako, itakuibia macho, na kila paneli ya aina hiyo hula kumbukumbu ya kompyuta kama kivinjari kilichofunguliwa. Afadhali rafiki mmoja afuatilie mazungumzo kwenye simu yake na akuite tu pakiwa na tatizo.

Skrini ndogo, na skrini mbili

Laptopu nyingi tunazofanyia kazi zina skrini ya nukta 1366 kwa 768. Hapo nafasi haitoshi kwa yote niliyoyataja, na ni lazima uchague. Shikilia picha mbili, Scenes na miksa. Stats na Controls zikae nyuma kama vichupo. Mstari wa chini kabisa wa dirisha bado utakuonyesha fremu zinazopotea na mzigo wa kompyuta, kwa ufupi. Kwenye menyu ya View unaweza pia kuzima vijistari vya zana usivyovitumia na kujipatia nafasi kidogo.

Ukipata monita ya pili, hata kuukuu, usiijaze paneli. Itumie kwa Multiview, inayopatikana kwenye menyu ya View: inaonyesha Preview, Program na maonyesho yako kwa picha ndogo zinazotembea. Unamwona mwimbaji wa kwaya akisimama kwenye kamera ambayo haiko hewani, na unaiandaa mapema. Onyesho usilotaka lionekane humo, libofye kulia na uondoe Show in Multiview. Ndani ya Settings, sehemu ya General, chagua idadi ya maonyesho yatakayoonekana, na uwashe kuhifadhi projekta (ndivyo OBS inavyoyaita madirisha kama hili) wakati wa kufunga programu ili Multiview ijirudishe yenyewe siku nyingine. Mkiwa na mtu wa sauti pembeni yako, yeye anaweza kupewa miksa ikielea kwenye monita hiyo. Hapo mtagawana skrini, na mtagawana kipanya pia, kwa hiyo mkubaliane mapema nani anakishika lini.

Vitufe vya kibodi vinapunguza msongamano kuliko paneli yoyote. Kwenye Settings, sehemu ya Hotkeys, kila onyesho linaweza kupewa kitufe, na kila chanzo cha kuwasha na kuzima pia. Usitumie herufi za kawaida: OBS inaweza kuzisikia hata ukiwa unaandika kwenye dirisha jingine, na neno "kwaya" likabadilisha kamera nne. Tumia vitufe vya F au kibodi ndogo ya namba, ile ya USB inayochomekwa pembeni.

Kuufunga na kuuhifadhi

Ukiridhika, rudi kwenye Docks na uwashe Lock Docks. Kisha ifunge OBS na uifungue tena. Usiruke hatua hii, kwa sababu programu huandika mpangilio wa paneli inapofungwa kwa utaratibu. Umeme ukikatika kabla hujaifunga, kazi yako ya jioni nzima inaweza kupotea na ukarudishiwa mpangilio wa jana.

Jambo lingine linalowachanganya wengi: mpangilio wa skrini haumo kwenye Profile wala kwenye Scene Collection. Kubadili hivyo viwili hakubadilishi paneli, na kuvipeleka kwenye kompyuta nyingine hakupeleki mpangilio wako. Unakaa kwenye faili la mipangilio ya mtumiaji. Fungua menyu ya File, chagua Show Settings Folder, na tangu toleo la 31 utaliona likiitwa user.ini, kabla ya hapo ni global.ini. Funga OBS kwanza, halafu nakili faili hilo uliweke mahali salama.

Na hapa ndipo zile skrini mbili nilizozitaja mwanzo zinapowezekana, ingawa OBS yenyewe inakumbuka mpangilio mmoja tu. Panga skrini ya maandalizi, funga programu, nakili faili na uipe nakala jina la maandalizi. Panga skrini ya hewani, funga, nakili, uipe nakala jina la hewani. Kubadilisha ni kuirudisha nakala unayoitaka kwenye folda hiyo kwa jina lake la asili kabla ya kufungua OBS. Kwenye Windows kuna njia nyingine kwa asiyetaka kugusa mafaili: pakua OBS ya zip, ifungulie kwenye folda mbili, na kila moja iwashe kwa njia ya mkato yenye neno --portable mwishoni. Kila folda itatunza mpangilio wake, ila maonyesho utalazimika kuyahamisha kwa Export na Import kila unapoyabadilisha.

Ukilipeleka faili kwenye laptopu ya ukumbi yenye skrini ya ukubwa mwingine, paneli zinaweza kubanana, na ile iliyokuwa ikielea kwenye monita ya pili inaweza kupotelea pasipoonekana. Tumia Reset Docks, upange upya kwa kufuata karatasi yako. Fanya hivyo siku moja kabla, ukiwa umechomeka monita na kamera zilezile zitakazotumika.